Matope ya Mfongo

Asubuhi ile nilikuta kokoto za buluu ndani ya sufuria yangu ya wali. Na si ile ya zamani iliyopoteza mkono, ni ile kubwa ninayopikia wageni wa jumuiya. Baba Brenda alikuwa amechuchumaa bombani uani, anazisugua kokoto kwa mikono miwili kama mtu anayeosha mchele wa harusi, na maji ya buluu yanakimbilia kwenye tuta langu la mchicha.

"Zinachuja rangi," aliniambia, utadhani hilo ndilo lililoniudhi.

"Na sufuria?"

"Nitaiosha."

Hakuiosha. Niliiosha mimi, nikachelewa kazini, na wali wa jioni bado ulikuwa na rangi ya mawingu.

Huyu ni mume wangu Wenseslaus, mtu wa Uru, aliyekuwa akiongoza wageni Mlima Kilimanjaro tangu kabla hatujaoana. Mwaka jana walimshusha kutoka kambi ya juu kwa machela, mapafu yamejaa maji, midomo ya kijivu. Daktari alimwambia mbele yangu, bila kuzunguka: ukilala tena mlimani, juu ya msitu, watakaokushusha watashusha maiti. Baba Brenda akaitikia kwa kichwa. Tukarudi nyumbani kwetu Majengo, akavipaka mafuta viatu vyake vya mlimani, akaviweka kando ya mlango, na tangu hapo kila Jumamosi anavipaka tena. Mtu aliyekubali kweli hapaki viatu mafuta.

Kulikuwa na simu za Ezra pia. Ezra alianza akiwa mpagazi wake, sasa ana kampuni yake ndogo ya kupandisha wageni. Nilimsikia Baba Brenda akizungumza naye barazani: wageni wazee, wanatembea taratibu, yeye atakuwa mshauri tu. Jibu lilikuwa linasubiriwa. Nilipomuuliza atajibu nini, alisema neno ambalo sikulipenda, ila lilikuwa wazi.

"Mama Brenda, nikikaa tu hapa nitaoza. Nikipata kitu cha kushika mikononi, sipandi. Nisipopata, nitapanda."

Kitu chenyewe kikawa tangi la samaki. Hoteli moja mjini ilikuwa inabadilisha mapokezi, ikalitoa nje tangi lake la vioo, refu kama jeneza la mtu mzima. Yeye na vijana wa fundi seremala walilibeba mpaka sebuleni, na kabati langu la vyombo likahamia chumbani, ambako liko mpaka leo. Hakutaka samaki peke yao. Alitaka msitu ndani ya maji: majani yaliyoota mizizi, samaki wakipita katikati yake. Alikuwa amewahi kuona tangi la namna hiyo kwenye picha ya mgeni wake mmoja, na hakulisahau.

Nililichukia tangi lile tangu siku ya kwanza. Na tangu siku ya kwanza nililiombea, kwa sababu nilijua likishindwa yeye atakwenda wapi.

Tatizo lilikuwa sakafu. Majani hayaoti juu ya kioo, lazima yapate kitu cha kushika. Mimi nina stashahada ya ununuzi na ugavi, ninatunza stoo ya shule ya sekondari, na kazini kwangu kabla kitu hakijanunuliwa tunauliza maswali matatu ya kijinga: cha nini, cha wapi, na nani amekitumia kabla yetu. Baba Brenda hakuuliza hata moja. Alikwenda kwa Goodness, dada mmoja anayeuza samaki wa mapambo nyuma ya mafundi seremala, akarudi na zile kokoto za buluu. Kesho yake nilipitia kwa huyo Goodness mwenyewe.

"Hizi ndizo zinazotoka sana, mama," aliniambia.

"Zinatoka sana kwa sababu ni nzuri, au kwa sababu ndizo ulizonazo?"

Akacheka. "Ndizo nilizonazo."

Angalau yeye alikuwa mkweli. Majani ambayo Baba Brenda aliyachota kwenye mifereji ya mashamba ya mpunga kule Mabogini hayakukaa kwenye kokoto hata kidogo. Kila asubuhi tuliyakuta yanaelea, mizizi juu. Akazitoa kokoto, akaleta moramu, ule mwekundu wa volkano wenye vitobo. Nusu ya moramu nayo ikaelea, na nusu iliyozama ilikuwa na makali, ikakata mizizi. Nikamwambia moramu ni wa barabara. Akautoa, akauacha mbele ya ngazi, nikaukanyaga kwa ndala nikiwa na ndoo kichwani. Akaleta mchanga wa mto. Mchanga ulitulia vizuri, majani yakasimama, akanunua samaki wadogo wenye mikia kama vipande vya kitenge, na kwa muda nikapumua. Halafu majani yakaanza kuwa ya manjano, moja moja, kuanzia chini.

"Mchanga hauna chakula," nilimwambia. "Hata mahindi yangekataa."

"Nimeona."

"Umeona au umesikia?"

Jumamosi hiyo viatu vilipakwa mafuta kwa muda mrefu kuliko kawaida.

Brenda, binti yetu anayesoma Dar, ndiye aliyetuletea habari ya udongo. Alipiga simu ya video, akaelekezwa kwenye tangi, akacheka mpaka simu ikatikisika mkononi mwake. Kisha akasema amefuatilia na jambo lenyewe ni rahisi: chini unalaza udongo wa kawaida, juu yake unaufunika kwa mchanga, mizizi inashuka inakula.

"Ila baba, nisikilize. Udongo wa kawaida, usiotiwa chochote. Usichote palipowekwa samadi, itaharibu maji yote. Umenielewa, mzee?"

"Nimekuelewa."

Nilikuwa nimekaa pembeni yake. Nilisikia, na yeye alisikia. Kesho yake alipanda Uru kwa mama yake, akarudi kwa bodaboda amekumbatia kiroba kama mtoto mchanga. Akakifungua sebuleni. Udongo ulikuwa mweusi, laini, unavunjika vidoleni kama keki. Sikuhitaji kuuliza ulikotoka. Umetoka kihambani kwao, kwenye shamba la ukoo, chini ya migomba, nyuma ya banda la ng'ombe, mahali ambapo samadi inamwagwa kila siku ya Mungu tangu enzi za babu yake aliyezikwa hatua chache kutoka hapo.

"Brenda amesema usiwe na samadi."

"Brenda ni mtoto wa mjini."

"Wensi, mtoto ameeleza vizuri kabisa."

Akauchota kidogo, akaniwekea kiganjani. "Shika. Umewahi kuona udongo kama huu? Udongo usio na samadi ni vumbi. Unataka nipite kwenye kihamba cha baba yangu, niuache huu, nikachote vumbi njiani? Nitamwambia nini mama?"

Hapo ndipo ulipo ugonjwa wa watu hawa, na nikisema watu hawa najihesabu pia, kwa sababu Machame kwetu ni yale yale. Mchagga unaweza kumwambia nyumba yake mbaya akakusamehe. Udongo wake usiuguse. Kilichostawisha mgomba wa babu lazima kistawishe kila kitu, hata majani yanayoishi chini ya maji. Nilisema nililosema, akaumwaga udongo tangini, akaufunika kwa mchanga, akajaza maji. Alikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu machela.

Furaha ilidumu siku chache. Maji yakawa rangi ya chai, kisha rangi ya pombe ya mbege. Mapovu yakaanza kupanda kutoka chini, tangi likawa linabeua. Samaki wakapanda juu kabisa, midomo nje, wanahema. Na harufu ikaja. Si harufu ya samaki. Ni harufu ya zizi wakati wa masika.

Jumamosi asubuhi ilikuwa zamu yetu kupokea jumuiya. Nilifungua madirisha yote, nikachoma udi, nikachemsha tangawizi. Watu wakakaa, rozari ikaanza. Katikati ya fungu la pili tangi likabeua, kwa sauti, na Mama Theodora, mwenyekiti wetu, akasimama kwenye Salamu Maria kama gari lililokata mafuta. Akavuta pumzi puani mara mbili.

"Mama Brenda, samahani. Siku hizi mnafugia ndani?"

Mtu mmoja nyuma akashindwa kujizuia, akacheka ndani ya kitenge chake. Mwingine akasema taratibu kwamba mwache, ng'ombe naye anataka sala. Tukamaliza rozari hivyo hivyo, watu wanasali na tangi linajibu. Chai yangu ya tangawizi ilibaki haijanywewa. Walipotoka tu, samaki wa mwisho akageuka tumbo juu.

Baba Brenda aliwaopoa kwa chujio langu la chai. Sikusema lolote kuhusu chujio. Alisimama na kile kibakuli cha maiti ndogo mkononi, akasema anampigia Ezra.

Nilikuwa nimechoka, nina aibu, na nyumba inanuka.

"Piga," nikamwambia. "Na mwambie aandae machela kabla hajaandaa mahema."

Aliweka kibakuli mezani, akatoka, akaliacha geti wazi. Alilala Uru.

Alirudi Jumapili baada ya misa. Alisimama mlangoni bila kuingia, ameshika jani la isale. Kwetu mtu akikuletea isale hahitaji hotuba. Ameomba msamaha, na anayelikataa jani hilo anajitafutia mwenyewe balaa. Hata niwe na hasira kiasi gani, sitalikataa isale mlangoni pangu na majirani wanatazama. Nililipokea. Akaniambia hakumpigia Ezra. Nikamwambia chakula kiko jikoni. Yakaisha.

Alilimwaga lile tope lote linalonuka, akaosha tangi, akarudisha mchanga na majani yake ya manjano. Na Jumatano nilipotoka kazini nikalikuta jani langu la isale limesimama katikati ya tangi, limechomekwa mchangani.

"Nimeona litapendeza," alisema. "Na ni jani gumu. Mpaka wetu na kina Filbert kule Uru umesimama kwa masale tangu sijazaliwa, hakuna lililokufa."

"Linasimama ardhini, Wensi. Linastahimili jua. Nani alikwambia linastahimili kuzamishwa?"

"Tuone."

Tukaona. Nilikuwa nimemsamehe Jumapili. Kufika Jumapili iliyofuata msamaha wenyewe ulikuwa umegeuka kahawia, unateleza, umeanza kuachia ute majini. Niliutoa mwenyewe kwa vidole viwili.

Wiki ile ile, yeye akiwa kwa kinyozi, simu yake ikalia mezani. Ezra. Nikaipokea, maana nilikuwa na la kumwambia.

"Shikamoo shemeji," akasema.

"Marahaba. Ezra, wewe ulikuwepo siku ile wanamshusha?"

"Nilikuwepo. Nilishika machela upande wa miguu."

"Basi kwa nini unamwita tena?"

Nikasikia gari likipita upande wake.

"Shemeji, simwiti mimi," akasema mwishowe. "Yeye ndiye anayeniomba. Kila wiki. Nimemkatalia mpaka nimechoka, ni kaka yangu, alinifundisha kazi. Sasa nimemwambia afikiri kwanza, anijibu mwisho wa mwezi huu, nikidhani atakuwa amesahau. Leo nimepiga kwa sababu ameniachia ujumbe tena."

Nilimshukuru, nikairudisha simu mahali ilipokuwa. Baba Brenda aliporudi amenyolewa sikumwambia neno. Ningemwambia nini? Kwamba najua? Angejua najua, na angepanda vile vile. Nilichojua ni kwamba siku zilikuwa zinakwisha, na kwamba mambo ya tangi sasa nayashika mimi, kwa maswali yangu matatu ya kijinga.

Cha nini: kushika mizizi na kuilisha polepole. Cha wapi: chini ya maji, daima. Nani amekitumia: hapo ndipo nilipojiona mjinga mimi na yeye, maana majani yale yalikuwa yakiishi mahali fulani kabla hatujayang'oa. Hakuna aliyewahi kutazama yalikuwa yamesimama kwenye nini.

Alhamisi niliomba ruhusa kazini, nikapanda Uru kumpelekea mama mkwe sukari na sabuni. Mama Margareta ana akili zote na magoti mabovu. Alinipokea vizuri, akaniuliza habari za wale nyoka wenye mapezi. Kwake samaki si chakula wala pambo. Kwa wazee wa huku hata kumla ilikuwa aibu. Nikamwambia wamekufa. Akasema Bwana alitoa, Bwana ametwaa, na hakuonekana mwenye huzuni.

Njiani kushuka nilisimama kwenye mfongo, ule mfereji wa wazee unaoteremsha maji kutoka msituni mpaka kwenye vihamba. Maji yalikuwa kidogo, yamezuiwa na takataka za mwaka mzima. Na ndani yake, pembeni, majani yale yale ya Mabogini: membamba, ya kijani kibichi, yamelala kufuata maji. Nikavua kiatu, nikainama, nikaingiza mkono mpaka kiwiko. Mizizi ilikuwa myeupe. Tope lilikuwa la kijivu, zito, laini kama uji wa mtoto. Nikalinusa. Halikunuka chochote. Ulikuwa udongo wa vihamba vile vile vya akina Wensi, ila ulikuwa umeoshwa na maji mwaka baada ya mwaka mpaka samadi yote imekwenda zake.

Nikatoa mfuko wa plastiki kwenye pochi.

"Mama, umepoteza nini humo?"

Alikuwa Mzee Filemon, mzee wa mfongo, yule anayepanga zamu za maji. Nikamwamkia, akaitikia, akasubiri.

"Nachota matope, baba."

"Ya nini?"

"Ya samaki."

Alilitafakari hilo. "Wanaume wa Uru tulionywa tusioe Machame," akasema. "Tuliambiwa watatumaliza. Hatukuambiwa wataiba matope."

"Siibi, naomba."

"Matope ya mfongo hayaombwi, mama. Ni ya anayeuzibua. Kila nyumba ina kipande chake, inachimba, na tope lake inalitupia migomba yake. Nyumba ya Wenseslaus haijashika jembe humu miaka. Kila mwaka anatuletea debe la mbege, yuko mlimani. Mbege tumeinywa, hatuna ugomvi naye. Lakini mbege haizibui mfongo."

Nikamwambia basi nitachimba mimi. Akatikisa kichwa: siku ya kuzibua wanawake hawashuki mfongoni. Nikauliza kwa nini. Akasema ndivyo ilivyo. Nilikuwa na majibu kadhaa ya jambo hilo, yote mazuri, nikayameza, kwa sababu nilihitaji tope kuliko nilivyohitaji ushindi. Siku ya kuzibua ilikuwa Jumamosi.

Nyumbani Baba Brenda alinisikiliza mpaka mwisho. Alikubali kila kitu kuhusu tope. Alipofika kwenye jembe akasita.

"Nishuke mfongoni mbele ya watu, mimi? Watasema mlima umemshinda, amerudi kuchimba mtaro."

Kumbe ndilo hilo. Miezi yote ile, kokoto na moramu na mchanga, na kilichokuwa kinamtafuna ni hicho.

"Mlima umekushinda, Wensi," nikasema. "Hilo linajulikana mpaka Tarakea. Waliokubeba wana midomo. Kilichobaki ni kujua kama na mfereji utakushinda."

Alinitazama sana. Nilidhani ataondoka na kuacha geti wazi tena. Akaenda kulala.

Jumamosi alfajiri alitoa gamboti zake za mpira chini ya kitanda, zikawa zimepasuka kisiginoni zote mbili. Akasimama nazo mkononi. Akatazama viatu vya mlimani pale mlangoni, vinang'aa. Mimi nikajifanya nahangaika na kifuniko cha chupa ya chai. Nilipogeuka alikuwa anafunga kamba.

Mfongoni walikuwa wamejipanga kuanzia juu hadi chini, kila nyumba na kipande chake, vijana wengi, wazee wachache. Vijana wakaanza kwa fujo, matope yanaruka, wanashindana. Baba Brenda akaanza taratibu, jembe moja, pumzi moja, vile alivyowapandisha wageni maisha yake yote. Kijana wa jirani akamwona.

"Guide," akaita, "kilele bado?"

"Kilele ni pale kwa mama yangu, kwenye mtori. Nenda pole pole utafika. Ukikimbia hivyo utabebwa."

Wakacheka wote, na yeye akacheka. Alikuwa amelisema mwenyewe neno la kubebwa, kwa mdomo wake, mbele ya Uru nzima, na hakuna kilichotokea. Jembe likaendelea.

Sisi wanawake tulikuwa ukingoni na masufuria. Nilimenya ndizi bila kuziangalia. Nilikuwa nasikiliza kifua chake. Jua lilipopanda, wale wenye fujo walikuwa wamekaa chini wanaomba maji, na yeye bado, jembe moja, pumzi moja, hahemi kuliko mtu mwingine. Alimaliza kipande chao, akaingia kwenye kipande cha mjane jirani bila kuombwa. Mzee Filemon alipita, akatazama viatu, akatazama tope, akasema kazi hii ina deni la miaka ila mwanzo si mbaya.

Walipoyafungulia maji huko juu, tuliyasikia kabla hatujayaona. Yakaja na majani makavu na povu, yakamfikia Baba Brenda miguuni, yakapita. Siku ile mlima ulikuwa wazi nyuma yake, mweupe, kila mtu anauona. Yeye alikuwa ameinama anatazama maji yanakwenda wapi.

Tulirudi na viroba viwili. Mama Margareta aliuliza kama kweli tunawabebea nyoka chakula, kisha akatufungia na ndizi.

Tope halitiwi hivi hivi tangini, hata likiwa zuri. Brenda alisisitiza: lichekechwe, lilowekwe, maji yamwagwe, lianikwe likauke, kisha lilowekwe tena, mpaka maji yakae juu yake meupe. Nilimwambia Baba Brenda waziwazi kwamba mimi siugusi mzigo ule. Sitageuza, sitafunika, sitamwaga. Akiondoka siku moja tu, litaharibika, na sitahuzunika. Nilimaanisha, na alijua namaanisha. Basi kila siku alikuwa uani na turubai lake, anageuza tope kwa mwiko wangu wa ugali. Ndiyo, mwiko wangu.

Mwisho wa mwezi ulifika tope likiwa limeanikwa kwa mara ya pili. Alasiri simu ikalia kwenye meza ya barazani. Niliona jina, na yeye aliliona. Wakati huo huo manyunyu ya kipupwe yakaanza, matone ya kwanza yakapiga bati. Alikuwa katikati ya uwanja, kati ya meza na turubai. Akaitazama simu. Akatazama juu.

Akakimbilia turubai. Alilikunja pembe kwa pembe, akalikokota mpaka chini ya paa, analinda tope lake kwa mgongo. Simu ilinyamaza. Sikuigusa. Alikuja akiwa matope mpaka mabegani, akabonyeza kioo kwa kifundo cha kidole.

"Ezra. Usiniweke kwenye msafara." Kimya. "Hapana, siumwi. Nina tope nimeanika, halijakauka." Kimya tena, na kicheko upande wa pili. "Cheka. Na kuanzia leo nikikupigia kuomba safari, usipokee. Hata nikilia, usipokee."

Alijua nimesimama pale. Alikata simu, akaiweka mezani na alama ya kidole juu yake, akaniuliza kama kuna maji ya moto. Nikamwambia yapo.

Sasa tope liko chini, mchanga juu, maji safi. Juzi aliniita kwa sauti kutoka sebuleni nikiwa napika maharage. Akanipigisha magoti mbele ya kioo anionyeshe mzizi mmoja mweupe unaoshuka kutoka mchangani kuingia kwenye tope. Nikamwambia nimeona. Akasema sijaona vizuri. Nikatazama tena mpaka maharage yakaungua.

Viatu vyake viko pale pale kando ya mlango, na tope la mfongo limekauka juu yake, limepasuka, linadondoka vipande vipande kwenye sakafu yangu. Jumamosi mbili zimepita hajavipaka mafuta. Kila asubuhi nafagia hapo, na nafagia nikivizunguka.